Salo ya baridi huko Kampemba: nianzie wapi kabla ya Juni kuingia?

Mama Naomi (Kampemba)

Jambo kwenu nyote. Ninaomba ushauri juu ya salo yetu (sebule), kwa sababu kila kiangazi, majira yetu makavu yenye usiku wa baridi, kinapofika inageuka kuwa chumba cha kupitia tu, wala si mahali pa kukaa. Tunapanga nyumba ya vyumba vitatu hapa Kampemba, mjini Lubumbashi. Kuta ni za matofali ya kuchoma zilizopigwa lipu na kupakwa rangi nyeupe, sakafu ni ya sementi iliyosuguliwa kwa nta nyekundu, na juu ya dirisha kubwa kuna safu ya klaustra (matofali yenye matundu) zilizoachwa wazi ili hewa ipite. Plafoni hakuna, ukiinua macho unaona mbao na mabati. Taa ni moja, ile ndefu nyeupe ya katikati, na ikiwashwa usiku sote tunaonekana kama tunangoja daktari.

Mwezi wa sita na wa saba, mara tu chakula kinapopakuliwa, kila mtoto anachukua sahani yake na kwenda kujifunika blanketi chumbani. Mimi ninataka wabaki salo. Nimetazama picha nyingi kwenye simu za nyumba za Ulaya, zenye mazulia ya manyoya na moto unaowaka ukutani, lakini sioni ni kipi kati ya hivyo kinachoweza kufaa kwetu. Fedha niliyo nayo si nyingi, na mwenye nyumba ametuambia waziwazi kwamba tukitoboa ukuta atakata kwenye garanti (amana tuliyomwachia). Baba Naomi anasema dawa ni rahisi, tuingize mbabula (jiko la makaa) ndani jioni na kufunga mlango. Mimi nasita. Je, nianze na rangi, na mapazia, na zulia, au na kitu kingine ambacho sijakifikiria?

Fundi wa Katuba

Mama Naomi, jambo. Mimi ni seremala, kwa hiyo utanisamehe nikianza na mbao kabla ya vitambaa. Ninaona watu wengi wananunua mito ya kochi na maua ya plastiki huku paa likiendelea kuwaibia joto lote, kisha wanalalamika kwamba nyumba haipendezi. Chumba chenye baridi hakipendezi hata ukikivalisha hariri.

Hapa kwetu mchana wa Juni hauna shida, kwa kuwa joto hufika nyuzi 25 hivi, lakini usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na mbingu huwa safi bila wingu lolote la kuzuia joto lisipande. Mabati ni membamba na hayawezi kuhifadhi chochote. Yanatoa joto lake moja kwa moja kuelekea angani, na kufikia saa za usiku yanakuwa ya baridi kuliko hata hewa yenyewe iliyo nje. Ndiyo maana asubuhi nyingine unakuta matone yamening'inia upande wa ndani wa bati ingawa mvua haijanyesha tangu Aprili: ni mvuke wa pumzi zenu na wa sufuria, uliogusa bati baridi ukageuka maji. Hewa ya moto inapanda, inakutana na bati hilo, inapoa, inawashukia kichwani. Hakuna zulia linaloweza kushindana na hali hiyo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni plafoni. Plafoni (dari) ya tripleksi, yaani mbao nyembamba za tabaka, ingekuwa bora, ila kwa nyumba ya kupanga ni kumwachia mwenye nyumba zawadi, labda mkubaliane aipunguze kwenye kodi. Kama hakubali, kuna njia ya mifuko. Nunua mifuko ya nailoni ya unga wa mahindi iliyotumika, ile ya kilo 25 au 50, ifumue, ioshe, ishone pamoja iwe shuka moja kubwa, kisha chini yake shonea kitambaa cheupe cha pamba au cha rangi ya maziwa. Shuka hilo linafungwa kwa waya kwenye mbao za paa zilizopo tayari, bila msumari hata mmoja ukutani. Livutwe sana, hasa kwenye pembe, la sivyo katikati litalegea na kuning'inia kama tumbo la mbuzi mwenye mimba. Liwe mbali na nyaya za umeme na mbali na taa. Kama taa yako inaning'inia kwenye waya mrefu, kata kitundu kikubwa na uizungushie bati, kitambaa kisikaribie. Hewa inayobaki kati ya shuka na bati ndiyo inayofanya kazi. Utashangaa pia jinsi chumba kinavyotulia masikioni, kwa kuwa sauti haziendi tena kugonga bati na kurudi.

Klaustra tutazizungumzia baadaye, kwa sababu ninataka kwanza kujua jibu la suala la mbabula.

Muuguzi (Ruashi)

Jibu la mbabula ni hapana, Mama, na ninaomba Baba Naomi alisome mwenyewe.

Makala (makaa) yanapowaka yanatoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, na haihitaji moshi. Watu wengi hudhani kwamba makala yakishakuwa mekundu kabisa na moshi umekwisha basi hatari imekwisha, kumbe hapo ndipo wanapoyaingiza ndani kwa amani na kufunga mlango. Hewa hiyo inashikana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hivyo hata kiasi kidogo kinatosha kuizuia damu isibebe pumzi. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na kwa kuwa ni jioni mtu anafikiri amechoka tu, analala, na haamki. Watoto na mama wajawazito wanaathirika mapema zaidi. Mbabula ibaki nje au kwenye chumba cha kupikia kilicho wazi, hata kama klaustra zote ziko wazi na hata kama ni kwa saa moja.

Kama mnataka joto la kushika, tumieni lile lile la kupikia. Weka matofali mawili mazima, yaliyokauka vizuri, karibu na mbabula huko nje wakati ugali unapikwa. Yakipata moto yafunge kwenye taulo kuukuu na uyaweke chini ya meza, watoto waweke miguu juu yake. Chupa ya mpira ya maji ya moto nayo inafaa, mradi maji yasiwe ya kuchemka na chupa iwe ndani ya soksi nene.

Yaya Béa (Bel-Air)

Mdogo wangu Mama Naomi, Fundi na Muuguzi wamesema la msingi, sasa niruhusu niingie ndani ya salo yenyewe.

Ondoa kwanza taa hiyo. Si lazima kuitupa, iache kwa kazi za shule, lakini jioni isiwashwe. Ukienda kununua taa mpya za LED tazama kwenye boksi: kuna namba inayofuatwa na herufi K. Ikiandikwa 6500 ni mwanga mweupe unaoelekea ubuluu, ule wa dukani na wa hospitalini. Ikiandikwa 2700 au 3000 ni mwanga wa manjano kidogo, unaokaribia ule wa jua la jioni. Bei mara nyingi ni ileile, ila wauzaji wengi huweka mbele zile nyeupe kwa kuwa zinaonekana kama zina nguvu zaidi. Kisha usiweke taa moja juu. Weka mbili au tatu ndogo chini, karibu na kimo cha mtu aliyeketi, moja kwenye kona nyuma ya kochi na nyingine pembeni mwa televisheni. Kikapu kilichosukwa wazi ukikigeuza kichwa chini juu ya taa ya LED yenye nguvu ndogo kinatoa vivuli vizuri sana ukutani. Na kwa kuwa umeme wetu sote tunaujua, moja kati ya hizo iwe ya kuchaji kwa jua, lakini chagua nayo yenye mwanga wa manjano, maana usiku wa kukatika umeme ndio watoto wanaohitaji zaidi kukaa pamoja.

Pili, sakafu. Sementi na karo (vigae) si za baridi kuliko viti vyako, ingawa mguu unakuambia hivyo. Vyote viko katika joto moja la chumba, ila sementi inavuta joto la mguu haraka na mbao haivuti. Kinachotakiwa ni kitu kinene kati ya mguu na sementi. Usinunue zulia kubwa la bei. Tandika blanketi la zamani lisilo na kazi tena, juu yake mkeka mzuri, na juu ya mkeka kizulia kidogo tu pale miguu inapokaa. Vumbi letu jekundu la kiangazi linaingia kila mahali, na zulia kubwa la manyoya kama yale uliyoyaona kwenye simu litakuwa na rangi ya barabara kabla ya Agosti, nawe hutaweza kulifua. Mkeka unautoa nje, unaupiga, unaurudisha.

Mapazia yawe ya tabaka mbili: jepesi la mchana, na zito la usiku. La usiku lishone kwa kitenge chenye bitana ya shuka la pamba, lifike sakafuni kabisa na lipite ukingo wa dirisha pande zote mbili, kwa sababu pazia fupi linaacha hewa ya baridi iteremke kwenye kioo na kumwagika chini kwenye miguu. Chagua kitenge chenye kahawia, nyekundu ya udongo au manjano ya haradali, usichanganye vitenge vitano vyenye kelele. Vitambaa vya kufuma ambavyo mama zetu walikuwa wanatandika kwenye fotei (viti vya kochi), usivitupe ati vimepitwa na wakati. Mimi ninavipenda, na vinafulika.

La mwisho kwangu ni mpangilio, na hapa najua nitapingwa. Salo zetu nyingi fotei zote zimegandamizwa ukutani, katikati kuna uwanja mtupu wa kuchezea mpira, na mtu akitaka kuzungumza na mwenzake lazima apaze sauti. Vuta viti mbele, viache ukuta, magoti ya watu yakaribiane kuzunguka meza ndogo. Ukuta wa nje usiku ni baridi, na mgongo ulioegemea karibu nao unaisikia baridi hiyo hata kama hewa ya chumba ni nzuri.

Papa wa Kamalondo

Ninampinga Béa kama alivyotabiri, ingawa si katika yote. Salo ya Mkongomani si ya watu sita tu. Siku ya kilio, siku ya kupokea mahari, siku ya kikao cha familia, watu ishirini lazima wapate pa kukaa, na viti vikiwa ukutani kila mtu anamwona kila mtu na mkubwa anajua mahali pake. Ninakubali basi kwamba siku za kawaida viti visogezwe, mradi viwe vyepesi vya kurudishwa ukutani mara moja mgeni anapobisha hodi. Wala usinunue yale makochi makubwa ya ngozi bandia: ni baridi ya kutisha asubuhi, na mwezi wa kumi yanakushika jasho.

Hakuna bado aliyezungumzia kuta. Chumba chenye kuta tupu kinabaki cha kupanga hata ukikaa humo miaka. Katika miaka ya 1970 ungeingia salo nyingi za mitaa ya Katuba na Kenya ya hapa mjini ungekuta mchoro wa mafuta umening'inizwa, mara nyingi mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, na wageni walikuwa wanaanza mazungumzo kutoka kwenye picha hiyo. Wachoraji wa aina hiyo bado wapo, na vijana waliopita katika shule ya sanaa ya hapa mjini wanauza kazi ndogo kwa bei ya kuzungumzika. Mchoro mmoja mkubwa unashinda fremu kumi za maua zilizochapishwa.

Kisha shaba. Tunaishi juu ya shaba halafu tunapamba nyumba kwa plastiki kutoka mbali! Picha za shaba iliyogongwa kwa nyundo zinapatikana kwa mafundi wa mji huu, na hakuna kitu kinachopokea mwanga wa jioni vizuri zaidi yake. Ninayo moja ya wanawake watatu wanaotwanga. Taa ikiwa chini, mikono yao inang'aa na migongo inabaki gizani, na unaona alama za nyundo moja moja kama mtu alizipiga leo. Watu husugua shaba kwa limao na chumvi mpaka inakuwa ya waridi kama sahani mpya. Ni sawa kwa anayependa, lakini mimi naiacha igeuke kahawia polepole, maana ndiyo rangi inayofaa chumba cha baridi.

Kuhusu misumari: kwa kuwa huna plafoni, unazo mbao za paa. Funga waya mwembamba kwenye mbao, uuteremshe sambamba na ukuta, ning'iniza picha. Ufanye hivyo kabla ya lile shuka la Fundi kupanda.

Na kama mwenye nyumba atakubali rangi, msiende kwenye nyeupe tena. Tazama michoro ya Mwenze Kibwanga, mmoja wa wale waliolelewa katika karakana ya uchoraji ya Romain-Desfossés iliyofunguliwa hapa mwaka 1946: imejaa kahawia, njano ya udongo na nyekundu iliyotulia. Ukuta mmoja tu wa rangi ya kichuguu, ule unaoelekeana na dirisha, unatosha.

Mjenzi kijana

Shikamooni wakubwa. Nina swali moja kwa Mama Naomi: dirisha kubwa linatazama upande gani? Ushauri mwingi wa Ulaya unasema chumba chenye joto ni kile kinachotazama kusini, na mtu akiufuata hapa anapotea. Lubumbashi iko karibu nyuzi 11 na nusu kusini ya ikweta, kwa hiyo katika Juni jua la adhuhuri liko upande wetu wa kaskazini, nyuzi 55 hivi juu ya upeo, nalo linaingia vizuri kwenye dirisha la kaskazini. Mnamo Desemba jua hilo linapita karibu na utosi, likielekea kidogo kusini, na dirisha hilohilo linapata kivuli cha ukingo wa paa. Ni kana kwamba limewekwa kwa ajili yetu. Njia ya kujua: simama ndani ukitazama nje asubuhi, jua likichomoza upande wako wa kulia, unatazama kaskazini.

Mama Naomi (Kampemba)

Asanteni sana, wakubwa na wadogo. Baba Naomi amesoma maneno ya Muuguzi na suala la mbabula limefungwa. Sasa anatafuta matofali. Jua linachomoza kulia, tena mbele kidogo. Mwenye nyumba anakubali ukuta mmoja wa rangi mradi nimwonyeshe rangi kwanza, ila plafoni ya tripleksi hataki kusikia, kwa hiyo ni mifuko. Yaya Béa, viti vyetu ni vya mbao na mito, ni vyepesi, basi wewe na Papa nyote mmeshinda. Yamebaki maswali mawili: klaustra nifanyeje, na je, vitu hivi vyote havitatuchemsha mwezi wa kumi?

Mjenzi kijana

Basi dirisha lako ni la kaskazini, likielekea kidogo mashariki, na una bahati. Kuanzia asubuhi jua likishapanda, fungua mapazia yote mawili, hata lile jepesi, acha jua lipige sakafu yako nyekundu moja kwa moja. Kunja mkeka na kila kilicho chini yake mchana, kwa sababu sementi nyeusi-nyekundu inahifadhi joto na itaurudishia chumba jioni. Adhuhuri fungua na vioo, hewa ya nje ina joto kuliko ya ndani. Saa kumi jioni funga vioo, na jua linapozama, kabla ya saa kumi na mbili, pazia zito liwe limeshafungwa na mkeka umetandikwa. Ukingoja mpaka usikie baridi, umechelewa. Rangi ya Papa kwenye ukuta unaoelekeana na dirisha ni wazo zuri, ila chini yake, mita moja hivi kutoka sakafuni, paka rangi ya mafuta iliyokoza kidogo, ili vumbi na mikono ya watoto vifutike kwa kitambaa.

Fundi wa Katuba

Klaustra usizizibe kwa sementi wala kwa gazeti. Pima safu nzima, tengeneza fremu ya mbao nyembamba inayoingia kwa kubana, bila msumari, uvike upande wa nje wavu wa mbu na upande wa ndani kipande cha tripleksi chenye bawaba juu. Usiku kinateremshwa, mchana kinainuliwa na kufungwa kwa kamba. Acha tundu mbili za pembeni bila kifuniko, wavu tu, kwa sababu watu wanaopumua ndani ya chumba kimoja wanahitaji hewa mpya, na unyevu usipotoka utapata ukungu nyuma ya kochi.

Kwa mwezi wa kumi: shuka la mifuko libaki mahali pake, kwani mchana wa joto bati linachoma kuelekea chini na shuka linazuia vilevile. Vifuniko vya klaustra vinatoka kabisa, pazia zito linakunjwa na kuwekwa sandukuni pamoja na majani ya mwarobaini yaliyokauka dhidi ya wadudu, blanketi la chini ya mkeka linatolewa. Ukitaka vipimo vya fremu, niandikie urefu wa safu na kina cha tundu moja, pamoja na unene wa ukuta pale dirishani, nami nitakuambia ununue mbao ngapi.